Bobi analia usiku kucha, na majirani wametuchoka

Shikamoo Daktari,

Nakuandikia kutoka Iyunga, hapa Mbeya. Nyumbani kwetu kuna mbwa aliyegeuka kesi ya mtaa mzima, na naomba unisaidie kabla ndoa yangu nayo haijaingizwa humo humo.

Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma. Mwaka juzi alirudi na mbwa kutoka Dar es Salaam, kitoto bado, ana rangi tatu: mgongo mweusi, kichwa cha kahawia, miguu myeupe, na ncha ya mkia nyeupe pee. Masikio yamelala mpaka usawa wa mdomo. Aliyemuuzia alisema huyo ni Beagle, mbwa wa kizungu, na kwamba akikua hakuna mwizi atakayekanyaga uwanja wetu. Mume wangu alitoa hela ambayo mpaka leo hataki kunitajia. Tukamwita Bobi.

Bobi amekua kwa unene, kwa urefu bado ananiishia chini ya goti. Ulinzi hajui. Mwezi wa nne mtu aliingia usiku akabeba mtungi wa gesi kwenye jiko la nje. Mpangaji wetu alichungulia dirishani akarudi kulala, maana kwa jinsi Bobi alivyokuwa anamsindikiza yule mtu getini huku anatikisa mkia, alijua ni ndugu yetu.

Hilo tungelimeza. Lakini nikimfungua tu anainamisha kichwa chini na kuondoka. Hasikii jina lake, hasikii mluzi, hasikii matusi. Kuna siku aliletwa na kijana wa bodaboda kutoka stesheni ya TAZARA, na siku nyingine alikutwa katikati ya barabara kuu, malori yanampigia honi naye ananusa lami. Ua wetu ni wa michongoma. Nimeziba matundu kwa mabati ya zamani, sasa anachimba chini.

Jirani yangu wa upande wa juu amepoteza kuku watatu. Wawili nimelipa. Wa tatu tunabishana, maana simwamini. Juzi alisema mbele za watu kwamba akimwona tena Bobi kwake atampa nyama yenye sumu ya panya.

Mume wangu akaamua afungwe mnyororo kwenye mparachichi. Tangu hapo hatulali. Habweki kama mbwa wengine, anainua pua juu analia kwa sauti ndefu, anapumzika, anaanza tena. Treni ikipiga honi usiku ndiyo anapata nguvu mpya. Mama mkwe wangu amekuja kutoka Tukuyu kwa matibabu. Anasema mbwa kulia hivyo ni uchuro, anaita msiba, na mgonjwa ndani ya nyumba ni yeye. Anaamka saa nane za usiku kusali. Nami sina la kumjibu.

Tena masikio yake yananuka na anatikisa kichwa kutwa. Nimemtia mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Kuna mtu kanishauri oili chafu, bado sijathubutu. Chakula anakula chochote: ugali, chakula cha kuku, maparachichi yanayodondoka, hata sabuni ya mche aliwahi kuimaliza nusu.

Mume wangu anataka apelekwe Chunya kwa kaka yake akawe mbwa wa kuwinda. Mimi nasema tumuuze. Binti yetu wa darasa la tano akisikia hayo anagoma kula. Je, hakuna dawa au namna ya kumchapa akatulia?

Mama wa Iyunga (jina limehifadhiwa)

*

Marahaba mwanangu. Mpe pole mama mkwe. Tutamfikia, maana hoja yake si ya kupuuzwa.

Naanza na sikio kwa sababu hilo linamuuma sasa hivi. Mafuta ya nazi acha. Oili chafu hata usiifikirie: inaunguza ngozi, na mbwa akijilamba inamwingia tumboni pamoja na uchafu wote wa injini. Watu wetu wanaipaka kwenye ukurutu na kwenye vidonda kama vile ni dawa, na sijui nani alianzisha balaa hili. Tundu la sikio la mbwa yeyote hushuka kwanza, kisha hukata kona kuelekea ndani. Kwa Beagle, juu yake limelala sikio zito lisilopitisha hewa. Ongeza mvua zetu za Novemba mpaka Aprili na umande wa kila asubuhi, na humo ndani fangasi na bakteria wanapata makazi.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii, na usimsafishe kabla ya kwenda, ili daktari auone uchafu wenyewe. Uchafu wa kahawia wenye mafuta na harufu ya chachu mara nyingi ni fangasi. Ukiwa mweusi, mkavu, wa chengachenga, huenda ni utitiri wa masikioni. Usaha wa manjano au wa kijani, na mbwa anapiga kelele ukimgusa, hapo bakteria wameshakwenda mbali. Kila kimoja kina dawa yake. Ndiyo maana sipendi matone yanayonunuliwa dukani bila mtu kuchungulia ndani: kama ngoma ya sikio imetoboka, baadhi ya dawa hizo zinaweza kumfanya kiziwi. Akishapona, jenga tabia ya kuinua sikio kila wiki na kulinusa. Futa kwa pamba iliyolowa dawa ya kusafishia masikio, mwisho pale kidole chako kinapofika. Vijiti vya pamba weka mbali kabisa. Akiogeshwa au akinyeshewa, masikio yakaushwe kwa kitambaa kabla ya mgongo.

Sasa tuje kwa Bobi mwenyewe. Aliyemuuzia mumeo alidanganya, au naye alidanganywa. Beagle hajawahi kuwa mbwa wa ulinzi. Waingereza walimzalisha kwa kazi ya kuwinda sungura wa porini, mbwa wengi kwa pamoja, wawindaji wakifuata nyuma kwa miguu. Ukijua hivyo, malalamiko yako yote yanapata maelezo. Sauti ile ndefu ilitakiwa ili mwindaji aliye nyuma ya kilima ajue kundi limefika wapi. Ncha nyeupe ya mkia ilitakiwa ionekane kwenye nyasi ndefu. Upole ulitakiwa kwa sababu mbwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe hawawindi. Na kule kutosikia jina lake, mwanangu, nako kulitakiwa: mbwa anayegeuka nyuma kila akiitwa hafiki mwisho wa harufu. Kwa hiyo aliyemsindikiza mwizi hakuzembea kazini, kazi hiyo hakuwahi kuwa nayo. Ule mnyororo aliofungwa, mfungieni mtungi mpya wa gesi.

Pua yake inakadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200. Sisi binadamu tunatajwa kuwa na kama milioni 5 hivi. Wewe ukitoka nje asubuhi unaona uwanja uliofagiliwa. Yeye anakuta nani kapita, saa ngapi, na panya gani wa kwa jirani. Mwaka 1984 Wamarekani walianza kuwatumia Beagle kwenye viwanja vya ndege kunusa matunda na nyama ndani ya mizigo ya abiria, kwa sababu wana pua kali na umbo lisilomtisha mtu. Sisi Watanzania hatuna haja ya kushangaa. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Kama panya anapewa kazi ya pua na mshahara wa ndizi, Bobi wako anakosa nini?

Anakosa kazi tu. Hilo ndilo jibu langu kwa sehemu kubwa ya barua yako, na hapa nitakawia kidogo.

Kwanza mtafutie mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, maana mbwa wa kunusa huvuta kwa nguvu na mkanda wa shingo unamkaba. Ukikosa wa dukani, fundi wa mabegi pale Mwanjelwa atakushonea ukimpelekea vipimo vya kifua. Funga humo kamba laini ya mita kama 10. Halafu nunua buchani kipande cha utumbo, kifunge kwenye uzi. Mahindi yakishavunwa, nenda kwenye shamba lenye mabua asubuhi na mapema, Bobi abaki nyumbani. Buruta kile kipande ardhini hatua hamsini moja kwa moja, kata kona, endelea, kata tena kona, kisha kiache ndani ya kopo lililofunikwa kwa mabua. Wewe rudi kwa njia nyingine ili nyayo zako zisimchanganye. Subiri robo saa, mlete Bobi, mwonyeshe mahali ulipoanzia, mwambie neno moja tu, kwa mfano "tafuta", halafu nyamaza.

Mwangalie sasa. Kichwa kitashuka, mkia utasimama wima, masikio yataburuta umande. Kwenye kona atapitiliza, atasimama, atazunguka duara dogo akipuliza puani kwa kishindo, halafu ghafla ataipata na kutoa ile sauti yake. Akifika kwenye kopo, ale. Nusu saa ya hivyo inamchosha kuliko kutwa nzima ya kuzurura, kwa sababu kinachochoka ni akili. Asubuhi yenye ubaridi na unyevu ndiyo bora, harufu hukaa chini. Jua likishakuwa kali harufu hupotea na yeye huanza kubahatisha. Ukikosa shamba, ficha dagaa chini ya makopo matano uani, au watawanye kwenye nyasi ahangaike nao. Binti yako ataipenda kazi hii kuliko mtu yeyote, ila karibu na barabara kamba ishikwe na mtu mzima. Mbwa wa kilo kumi na kitu aliyepata harufu anaweza kumburuta mtoto wa darasa la tano mpaka chini ya lori la Tunduma.

Pamoja na hayo anahitaji kutembezwa kila siku, jumla yake ifike kama saa nzima, asubuhi na jioni. Bila kamba asiachiwe pasipo na ua. Asiachiwe leo wala akiwa na miaka kumi, hata akitii vizuri kiasi gani uani kwako. Wapo wafugaji wanaojisifu kwamba Beagle wao anarudi akiitwa, nami huwauliza kama siku hiyo sungura alipita.

Umeuliza kuhusu kumchapa. Hapana. Anapoondoka hayupo karibu upate kumchapa, na anaporudi ukimchapa unamfundisha kwamba kurudi kunauma. Kesho atachelewa zaidi. Fanya kinyume chake: piga mluzi mara moja kila unapoweka chakula chini, mpaka mluzi na chakula viwe kitu kimoja kichwani mwake. Akirudi, hata kama amekuudhi namna gani, apate kidagaa. Dawa ya kumtuliza ipo, lakini mbwa mzima hapewi dawa kwa kosa la kukosa kazi.

Michongoma kwa mbwa wa kimo hiki ni kama kuweka geti bila ukuta. Nunua wavu wa chuma, si ule mwembamba wa kuku. Simamisha kwa ndani ya michongoma, na sehemu ya chini ikunje ilale ardhini kuelekea uani kwa upana wa nusu mita. Fukia kwa udongo kidogo, pangia mawe au tofali za kuchoma. Mbwa huchimba pale ua unapogusana na ardhi, hivyo makucha yatakutana na chuma. Kama fedha haitoshi kuzungushia kiwanja chote, zungushia kipande upande wa nyuma, ampatie nafasi ya kukimbia akiwa peke yake.

Kuhusu jirani, lipa kuku wa tatu. Najua humwamini, na labda kweli alikuwa kicheche au mwewe. Lakini mbwa aliyeshapatikana na hatia ya kuku wawili hana shahidi kwa wa tatu. Nenda naye kwa mjumbe au kwenye ofisi ya mtaa, lipeni mkiandikishana, mwonyeshe wavu unaojengwa, na mwambie mbele ya mjumbe huyo huyo kwamba nyama yenye sumu inaweza kuokotwa na mtoto. Wewe nawe ujue dalili. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na mbwa huonekana mzima kwa siku mbili, tatu au zaidi, kisha fizi zinakuwa nyeupe, anachoka, damu inamtoka puani au kwenye kinyesi. Akiwahishwa anatibika kwa vitamini K1. Nyingine huua ndani ya saa chache kwa mitetemeko na mate mengi. Ukihisi amekula, usisubiri dalili, wala usimnyweshe maziwa ukadhani umemtibu. Mbebe, na pakiti ya sumu ikipatikana ibebe pia.

Kilio cha usiku mmekitengeneza wenyewe kwa mnyororo. Mbwa huyu amezaliwa kuishi na kundi, na kundi lake ni ninyi. Kumfunga peke yake kwenye mparachichi, gizani, Mbeya hii ambayo mwezi wa sita na wa saba usiku hushuka chini ya nyuzi joto 10, naye ana manyoya mafupi, unategemea afanye nini? Anaita wenzake. Mlazeni ndani, stoo au jikoni, kwenye boksi lililoinuliwa kutoka kwenye sakafu, lenye blanketi kuukuu. Apate matembezi ya jioni na chakula kabla ya kulala. Honi ya treni bado ataijibu, hilo nisikudanganye, ila mara moja au mbili kisha atalala. Msimkemee kwa kelele wakati huo, maana kwake yeye mtakuwa mmeitikia.

Mama mkwe usimbishie. Huko Rungwe nilikofanya kazi, na kwa Wahehe kule Iringa, nimekuta wazee wengi wanaosema hivyo hivyo kuhusu mbwa kulia usiku, na mgonjwa anayeamshwa saa nane hahitaji somo. Mwambie Bobi alikuwa anaona baridi na upweke, na kwamba sasa analala ndani. Usiku ukitulia, moyo wake nao utatulia. Akiweza kukaa kibarazani, Bobi apelekwe akalale miguuni pake mchana. Mbwa hawa wana subira na wagonjwa.

Ila ipo sauti moja ambayo mtu yeyote anapaswa kuiogopa. Mbwa ambaye sauti yake imebadilika ghafla, ikawa ya kukwaruza, anatoa mate, anashindwa kumeza, mkali bila sababu au mpole kupita kawaida yake, huyo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Asiguswe, na daktari wa mifugo aitwe. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha akimbilie hospitali kuchomwa chanjo siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Barua yako yote haikutaja chanjo. Mbwa anayefika stesheni ya TAZARA na kurudi amekutana na mbwa wasio na mwenyewe. Achanjwe akishapimwa sikio, kadi itunzwe, na chanjo irudiwe kila mwaka. Halmashauri nyingi huchanja mbwa karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, sikilizia matangazo. Ukiwa hapo hapo kliniki ulizia na kumhasi. Kuhasi hakutapunguza kunusa, lakini kutampunguzia safari za kufuata majike, na kutampunguzia hatari ya ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao mbwa wanaozurura wanao sana.

Chakula sasa. Hawa hawajui kushiba. Mpimie kwa kikombe kile kile mara mbili kwa siku: ugali wa dona na dagaa, au utumbo uliochemshwa ukaiva, na mboga kidogo isiyo na kitunguu. Kitunguu huharibu damu ya mbwa, kwa hiyo mabaki ya mchuzi hapana. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Okota maparachichi asubuhi kabla hajaamka: yana mafuta mengi, na ile mbegu ikimezwa na mbwa wa kimo chake huziba utumbo, na hapo ni upasuaji. Mahindi au pumba iliyoota ukungu, ile ambayo watu husema "hii mpe mbwa", ndiyo mbaya kuliko yote, maana sumukuvu humaliza ini la mbwa upesi. Kujua kama amenenepa, pitisha viganja kwenye mbavu bila kukandamiza. Usipozihisi, punguza kikombe. Beagle wa kawaida ana kati ya kilo 9 na 14, na kila kilo inayozidi inabebwa na mgongo na viungo. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Kupe mkague baada ya kila tembezi, hasa chini ya masikio na katikati ya vidole. Mkojo ukiwa mweusi na fizi zimepauka, hiyo huenda ni ndigana ya mbwa, ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimmiminie kwa kukadiria, nyingine zinaua.

Chunya nakataa. Kuwinda wanyamapori bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na shemeji yako akikamatwa mbwa hatamtetea. Mapori ya huko yana mbung'o, nao humwambukiza mbwa nagana inayomuua upesi. Na Bobi hajui mtego wa waya ni nini. Akishapata harufu ya digidigi ataifuata mpaka asijue kurudi, na shemeji atarudi nyumbani na kamba tupu.

Kumuuza kunawezekana, wala sitakusema vibaya. Beagle huishi miaka 12 mpaka 15. Binti yenu atamaliza chuo Bobi bado yupo, na mumeo yuko barabarani, kwa hiyo kamba ya asubuhi ni ya kwako. Jipe msimu huu wa kiangazi: sikio lipone, wavu ujengwe, mazoezi ya shambani yazoeleke, alale ndani. Mvua zikianza ukiona bado imekushinda, mtafutie mtu mwenye uwanja uliozungushiwa, mwenye watu nyumbani mchana, asiyefuga kuku wa kuachia. Mwambie waziwazi kwamba halindi, anachimba na anaimba. Bei utakayopata itakuwa ndogo kuliko ile asiyotaka kuitaja mumeo. Mkabidhi na kadi ya chanjo, kamba na mkanda wake, na kabla ya kupokea hela nenda mwenyewe ukaukague ua wake, chini kwenye udongo, si juu.